Uvimbe Unaokuja na Chakula

Yamkini umepata kumwona mtu ambaye kila aketipo kula, kabla hata ya tonge la tatu, hushika chini ya taya kwa maumivu. Mahali hapo huvimba, na baada ya saa moja au mbili uvimbe hunywea wenyewe. Wapo waliodhani ni jino, wakang'olewa magego yasiyo na kosa. Wengine huambiwa ni matubwitubwi. Lakini matubwitubwi hayaji na sahani yakaondoka nayo!

Aghalabu chanzo ni kijiwe. Tezi kubwa za mate ni jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Madini ya kalsiamu huweza kuganda katika mfereji wa tezi, hasa ile ya chini ya taya, ambayo mate yake ni mazito na hupanda juu kabla ya kufika kinywani. Njia ikizibwa, chakula huyaita mate, nayo hayana pa kupita.

Zamani kijiwe kilichojificha ndani kilimaanisha kisu: shingo hupasuliwa na tezi nzima kutolewa, karibu mno na mshipa wa fahamu unaotawala pembe ya mdomo. Ukiumia, tabasamu huenda upande. Tangu miaka ya 1990 madaktari wa Ulaya, miongoni mwao Philippe Katz wa Paris na Francis Marchal wa Geneva, wameonyesha njia nyingine. Tundu la mfereji hupanuliwa taratibu, kisha hupenyezwa darubini nyembamba yenye unene wa milimita moja hivi. Maji ya chumvi huutanua mfereji, na daktari huuona kwenye kioo mfano wa televisheni. Kijiwe kidogo, cha milimita 3 au 4, hunaswa kwa kikapu cha waya. Kikubwa huvunjwa kwanza kwa leza, au hutolewa kwa mkato mdogo kinywani. Tezi hubaki.

Si kila hospitali ina chombo hicho. Hata hivyo, ukiambiwa tezi itolewe, uliza kwanza kama kijiwe peke yake hakiwezi kutolewa. Kwa sasa kunywa maji kwa wingi, nyonya ndimu, ukande na kusugua taratibu kuelekea kinywani. Ukipata homa au usaha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hapo dawa za kuua vijidudu hutangulia na darubini husubiri. Na uvimbe usionywea kamwe, ule au usile, usiuhesabu kuwa kijiwe mpaka daktari aupime.