Ukuta wa Galveston Unasimulia

Njooni wanangu, sogeeni karibu. Leo msimulizi si mimi mjomba wenu. Leo ni ukuta. Ukuta husema? Huu unasema. Tegeni sikio.

"Mimi ni ukuta wa zege. Nimesimama ufukweni Galveston, kisiwa cha Texas, kule Marekani. Mbele yangu ni Ghuba ya Mexico, mji uko mgongoni. Lakini tarehe 8 Septemba 1900, kimbunga kilipoupiga mji, sikuwepo.

"Wako waliotaka nijengwe. Bwana Isaac Cline, mtaalamu wa hali ya hewa pale mjini, akaandika gazetini mwaka 1891 kwamba hakuna haja. Wakamwamini. Basi sikuwepo."

Mjomba, kimbunga huzaliwaje?

Ah, swali zuri hilo, mwanangu! Umeona chungu kikichemka jikoni? Mvuke hupanda juu. Bahari nayo ikipata joto, nyuzi 27 hivi, mvuke wake hupanda na kuwa mawingu. Hewa ya pembeni hukimbilia kujaza pengo, na kwa kuwa dunia inazunguka, hewa ile nayo huzunguka. Vimbunga vingi vya Atlantiki huanza na mawingu ya mvua yanayotoka Afrika Magharibi, kwetu huku huku barani.

Kimbunga kile kilipita Cuba. Wataalamu wa Cuba wakasema kinaelekea Texas. Wakubwa wa hali ya hewa Marekani wakasema hapana, kitapinda kwenda Florida. Wacuba ndio waliosema kweli. Linaniuma hilo, wanangu, linaniuma sana.

"Asubuhi ile watoto walicheza kwenye maji barabarani, wakifurahi. Maji yakapanda. Upepo ukang'oa mapaa. Maji yakapanda. Sehemu ya juu kabisa ya kisiwa haikufika mita 3, na bahari ikainuka zaidi ya mita 4. Watu wakimbilie wapi? Sikuwepo.

"Palikuwa na nyumba ya yatima, St. Mary's, karibu na ufuko. Watawa 10 walichukua kamba za kuanikia nguo, wakajifunga pamoja na watoto ili maji yasiwatenganishe. Watoto walikuwa 93. Walipona wavulana 3 tu, waliong'ang'ania mti."

Mjomba, na Bwana Cline?

Alipona, mwanangu. Mkewe alikufa. Mji ulikuwa na watu kama 38,000, na waliokufa hukadiriwa kuwa 8,000. Marekani haijapata janga la asili lililoua watu wengi kuliko hilo.

"Ndipo wakanijenga. Walianza 1902, na kufikia 1904 nilikuwa na kimo cha mita 5 hivi. Kisha wakauinua mji wenyewe! Nyumba zaidi ya 2,000 zilipandishwa kwa jeki, hata kanisa zito la St. Patrick's, na chini yake ukajazwa mchanga uliovutwa kwa mabomba kutoka baharini. Watu walitembea juu ya mbao, mwaka baada ya mwaka, bila kuhama.

"Mwaka 1915 kikaja kimbunga kingine kikali. Safari hii nilikuwepo. Mawimbi yakanipiga, nikasimama. Mjini walikufa wachache sana kuliko mara ile."

Basi wanangu, kesho shuleni fungueni ramani, mkaitafute Galveston: kisiwa chembamba, pwani ya Texas. Na swali likiwabakia, lileteni kwangu. Hamnichoshi hata kidogo.