Wanahesabu panya ili familia zisiugue

KILA mwaka, majira ya kuchipua na majira ya vuli, watafiti nchini Sweden huingia katika misitu ya karibu na mji wa Umeå, kaskazini mwa nchi hiyo, kutega panya na kuwahesabu. Kazi hiyo ilianza mwaka 1971.

Wanayemfuatilia zaidi ni panya mdogo wa msituni mwenye mgongo mwekundu. Idadi yake hupanda na kushuka kila baada ya miaka 3 hadi 4, na inapopanda, hospitali nazo hupokea wagonjwa wengi.

Panya huyo hubeba virusi vya Puumala. Mkojo, kinyesi na mate yake hukauka na kuchanganyika na vumbi. Anayevuta vumbi hilo anaweza kupata homa ya ghafla, maumivu ya kichwa, mgongo na tumbo, hata figo kuathirika. Wengi hupona, lakini ugonjwa huo hauna dawa mahususi.

Mwaka 2007 Sweden ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 2,000. Panya walikuwa wengi, na theluji ilichelewa. Kwa panya, theluji ni kama blanketi. Ikikosekana, hukimbilia kwenye vibanda vya kuni na majumbani.

Mbali zaidi kaskazini, katika nyika za baridi za Varanger, Norway, watafiti huweka masanduku yenye kamera chini ya theluji. Panya akipita, anapigwa picha bila kukamatwa. Hivyo hujulikana kama wanaongezeka hata katikati ya baridi kali.

Tanzania nayo ina kazi kama hiyo. Mkoani Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimefuatilia panya shamba kwa miaka mingi. Virusi vya Puumala si vya huku, lakini panya wetu nao hubeba magonjwa, ikiwamo homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kusafisha stoo yenye kinyesi cha panya:

• Fungua milango na madirisha, subiri nusu saa.
• Usifagie pakiwa pakavu. Nyunyizia maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kisha futa.
• Vaa glavu na barakoa.
• Nawa kwa sabuni ukimaliza.
• Kazi hii usimtume mtoto.