Gari Linapochelewa Kuitika Gia

Gari la msikiti wetu, lile linalobeba majeneza na siku nyingine wanafunzi wa madrasa, lilianza kuwa zito nyakati za asubuhi. Dereva huweka D, huachia breki, na gari hubaki pale pale kana kwamba halikusikia. Baada ya sekunde tatu au nne hushtuka na kuondoka kwa kishindo. Fundi wa kwanza alilitazama akiwa amesimama, akatuambia giaboksi imekwisha, tukatafute nyingine iliyotumika kule Gerezani. Kamati, nasi katibu tukiwamo, ilikaribia kupitisha mchango bila ya kuuliza swali hata moja. Familia nyingi zimekwisha kutoa fedha kwa namna hiyo.

Katika giaboksi ya otomatiki, pampu husukuma oili, na msukumo wa oili hiyo ndio unaobana klachi zilizomo ndani. Msukumo ukichelewa, gia nayo huchelewa. Basi linaloanza kutazamwa ni oili, na kuitazama hakugharimu zaidi ya kitambaa safi.

Gari lisimame mahali tambarare, injini iwe imepata joto na inaunguruma. Breki ikanyagwe, gia zipitishwe zote hadi kurudi P, ndipo dipstiki ichomolewe. Yapo magari yanayopimwa injini ikiwa imezimwa, na mengine hayana dipstiki kabisa. Hapo kitabu cha gari ndicho kifuatwe. Oili mpya ya aina nyingi ni nyekundu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi zimeanza kuungua. Ikifanana na maziwa yenye rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia, na gari lisiendeshwe tena. Ikiwa imepungua, itafutwe inapovujia, kwani oili hii hailiwi na injini.

Kisha ihesabiwe saa. Injini ikiwa na joto, breki ya mkono imevutwa na mguu uko juu ya breki, gia itolewe N kwenda D, na muda uhesabiwe mpaka mshtuko mdogo usikike. Vitabu vya ufundi vya Toyota hutaja muda usiofika sekunde 1.2 kwa D na 1.5 kwa R. Jaribio lirudiwe mara tatu, kwa mapumziko ya dakika moja. D pekee ikichelewa, shaka ielekezwe kwenye klachi yake na njia ya oili iendayo huko. Zikichelewa zote mbili, atazamwe mdhamini wa wote: kiwango cha oili, chujio, pampu. Kuchelewa asubuhi tu mara nyingi ni sili zilizokakamaa. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari nayo itumike kabla ya kufungua chochote, maana solenoidi moja mbovu huweza kuleta dalili hizi hizi.

Fundi wa pili alikuta oili yetu imeshuka chini ya alama, na sili ya ekseli ikidondosha. Sili ilibadilishwa, ikaongezwa oili ya aina iliyotajwa kitabuni. D sasa huitika kwa sekunde moja na nusu hivi. Haijafika ile 1.2, nasi tunaihesabu kila Alhamisi jioni.