Uzamili wa Roboti na Akili Bandia: Kabla Hamjauza Shamba



Siku hizi haupiti muda mrefu kabla mzazi mmoja, awe Muscat, Leicester au Dar es Salaam, hajaniuliza: kijana wangu kamaliza digrii ya kwanza ya kompyuta, anataka kusomea roboti na akili bandia, nimpeleke wapi? Mimi naona swali la "wapi" ni la tatu. La kwanza ni hesabu anazozijua, na la pili ni nani atalipa.

Tuanze na hesabu. Wengi wanadhani masomo haya ni kufunga nyaya na mota, au kuandika programu basi. Sivyo. Chukueni roboti ya magurudumu inayotembea ghalani. Kipimo cha magurudumu kinaiambia imesogea mita 10. Lakini magurudumu huteleza. Kipimo cha leza nacho kinaona ukuta uko karibu kuliko ilivyotegemewa, na leza pia ina makosa yake. Sasa iamini kipi? Hapa roboti inafanya alichokuwa akifanya nahodha wa jahazi: anakisia alipo kwa mwendo na muda, kisha akiuona mnara wa taa anasahihisha makisio yake bila kuyatupa yote. Ayaamini makisio kiasi gani, na macho kiasi gani? Hiyo ndiyo nadharia ya uwezekano. Rudolf Kalman alichapisha kanuni ya kazi hiyo mwaka 1960, na mpaka leo wanafunzi wa roboti wanaisoma. Mkono wa roboti nao unaendeshwa kwa matrisi, na mashine inayojifunza inajirekebisha kwa kalkulasi. Hakuna njia ya kuzunguka.

Nalisisitiza hili kwa sababu uzamili wa darasani Uingereza kwa kawaida ni miezi 12 tu. Masomo yanaanza Septemba, mitihani haikawii, na kiangazi chote ni tasnifu. Kijana aliyesahau matrisi atazama kabla ya Krismasi, na ada imeshalipwa. Heri akae nyumbani mwaka mmoja akazipige msasa hesabu zake. Mazoezi ya roboti pia yanawezekana bila kuwa na roboti: ROS, programu zinazotumika katika maabara nyingi duniani, ni za bure, na Gazebo inakupa roboti ya kuigiza ndani ya kompyuta yako.

Sasa pesa. Katika vyuo vikubwa vya Uingereza, ada ya kozi za namna hii kwa mwanafunzi wa kigeni mara nyingi inapita pauni 30,000, kabla ya chakula na kodi ya nyumba. Marekani kuna jambo linalowashangaza wazazi wetu: digrii ndefu ndiyo inayoweza kuwa rahisi. Uzamivu katika fani hizi huchukua miaka mitano au zaidi, lakini kwa kawaida mwanafunzi anasamehewa ada na kupewa posho, akifanya kazi ya usaidizi wa utafiti au ufundishaji. Na idara nyingi zinampokea mtu mwenye digrii ya kwanza tu. Wanachotaka ni barua za walimu wanaomjua kweli, na kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Ila asiingie huko kwa kufuata posho. Miaka mitano na swali moja si mchezo.

Wala si lazima kwenda mbali. Carnegie Mellon, yenye taasisi ya roboti tangu 1979, ina tawi Kigali tangu 2011. Hapo hapo Kigali, taasisi ya AIMS ilianzisha mwaka 2018 uzamili wa Kiafrika wa mashine zenye akili. Na kwa walioko Oman, jirani kabisa Abu Dhabi kuna Chuo Kikuu cha Mohamed bin Zayed, kilichoanzishwa 2019 kwa ajili ya akili bandia. Wanafunzi wake wa kwanza, mwaka 2021, walipewa ufadhili kamili.

Kwa wanaoelekea Uingereza, mambo mawili ya viza. Tangu Januari 2024, anayeanza uzamili wa darasani kwa kujilipia hawezi kuja na mke, mume au watoto. Na baadhi ya kozi za uhandisi katika ngazi hii zinadai kibali cha ATAS kwa raia wa nchi zetu. Ni bure, lakini kinachukua wiki kadhaa, kwa hiyo aombe mapema.

Basi, kabla hamjauza shamba, mwambieni kijana alete orodha ya masomo ya kozi anayoitaka, si jina la kozi. Jina "roboti" linaweza kukaa idara ya mitambo, ya umeme au ya kompyuta, na kila moja inafundisha kivyake. Kisha akae awaeleze, kwa Kiswahili, kila somo linahusu nini na linahitaji hesabu gani. Akishindwa, shamba libaki kwanza.