Fahamu: Kwa nini elektroni huwa nzito ndani ya metali adimu

Bingo, katika eneo la Beni, kuna mwamba wa kabonatiti unaojulikana kwa niobiamu. Miamba ya aina hiyo mara nyingi hubeba pia metali adimu, zikiwemo seriamu na praseodimiamu. Habari huzitaja kwa bei na vita. Ajabu kubwa ya metali hizi imo ndani zaidi.

Katika fuwele, atomi ya praseodimiamu huzungukwa na majirani wenye chaji za umeme. Chaji hizo huigawa nishati yake katika ngazi. Elektroni inayosafirisha umeme ikipita, huitikisa atomi kuelekea ngazi ya juu, nayo hurudi chini papo hapo. Elektroni hukokota mitikisiko hiyo, kama mtu avukaye soko la Butembo akisimamishwa na salamu kila hatua. Uzito wake wa asili haubadiliki, ila mwendo wake ni wa kitu kizito.

Kwa njia hii wanafizikia Peter Fulde na Jens Jensen walieleza, mwaka 1983, kwa nini metali hizi zikiwa baridi sana hufyonza joto zaidi ya ilivyotarajiwa. Kwenye PrOs4Sb12, mchanganyiko wa praseodimiamu, osmiamu na antimoni, uzito huo wa mwendo hukadiriwa kufikia mara 50 ya uzito wa asili wa elektroni. Na chini ya kelvini 1.85, elektroni hizo nzito hupitisha umeme bila ukinzani wowote.