Homa ya mtoto kwenye safari za sikukuu: usiseme ni uchovu

Desemba shule zikifungwa, familia nyingi za mkoa wa Geita hufunga mizigo. Wengine wanatoka mjini, wengine machimboni Nyarugusu na Mgusu, wanakwenda kwa bibi, kwa shangazi au ukweni upande wa Shinyanga, Kishapu na Kahama. Wapo wanaopita Kakola kutokea Kahama. Wapo wanaopita Sengerema hadi Usagara, kisha Misungwi na kushuka Shinyanga. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea hawa kazi ya kusubiri kivuko.

Katika safari hizi mtoto anaweza kuanza kuchemka mkiwa ndani ya gari, au siku ya pili baada ya kufika. Kila mtu atakuwa na maelezo yake: ni uchovu wa safari, ni vumbi, ni maji mageni, ni meno, ni jicho la watu. Mtoto anapewa panadol, analazwa, mnasubiri kesho.

Kusubiri huko ndiko kunakotuletea watoto wakiwa wamezidiwa. Mama, shika jambo moja: uchovu wa safari haumpi mtoto homa. Mtoto mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24, popote mlipo.

Mbu alimuuma lini?

Mbu mwenye vimelea vya malaria akimuuma mtoto leo, mtoto haumwi leo. Vimelea vinakwenda kwanza kwenye ini na kuzaliana huko kimyakimya. Siku hizo zote mtoto anacheza na anakula kama kawaida. Baadaye vinaingia kwenye damu na kupasua chembe nyekundu, na hapo ndipo homa inapoanza. Kwa kawaida, tangu kuumwa na mbu hadi homa kuanza hupita siku 10 hadi 15, na ni nadra kuwa chini ya siku 7.

Chukua kalenda uhesabu. Mmeondoka Geita tarehe 22 Desemba, na tarehe 24 mtoto anachemka. Kama ni malaria, huenda mbu alimuuma kati ya tarehe 9 na 14, mkiwa bado nyumbani kwenu. Bibi hajamroga, na gari halijamletea ugonjwa. Mlisafiri nao bila kujua.

Sasa hesabu kwenda mbele. Mtoto akiumwa na mbu usiku wa Krismasi akiwa kwa bibi, homa itaanza kati ya tarehe 4 na 9 Januari. Wakati huo mmesharudi, mkubwa anaanza shule, na hakuna anayekumbuka safari. Kwa hiyo mtoto akipata homa wiki za mwanzo za Januari, mpeleke kupimwa na umwambie mhudumu kwamba mlisafiri, mlikwenda wapi na mlirudi lini.

Kwa nini kipindi hiki ni kibaya

Desemba ni mwezi wa mvua huku kwetu. Majaruba ya mpunga yanajaa maji, na mashimo yaliyochimbwa na kuachwa machimboni nayo yanatuama maji. Mbu wa malaria anapenda kutaga mayai kwenye maji ya namna hiyo yaliyotulia, yanayopigwa na jua.

Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani Shinyanga, 16 hivi walikutwa na vimelea vya malaria. Wastani wa nchi ulikuwa 8.

Halafu kuna mambo ya sikukuu yenyewe. Watu wanakaa nje hadi usiku wakipiga stori, watoto wanasinzia kwenye mkeka, kisha wanalazwa sita au saba chumba kimoja. Neti ya mwenyeji haiwezi kuwatosha wote.

Kabla ya kupanda gari

- Beba neti yenu yenye dawa na kamba za kuifungia. Inakunjika, na inaingia kwenye begi la nguo. Mtoto akisinzia saa mbili usiku, mlaze ndani ya neti saa hiyohiyo, usingoje hadi wakubwa waende kulala.
- Beba kadi ya kliniki ya kila mtoto. Ukiwa mjamzito, beba na yako, na wewe pia ulale ndani ya neti.
- Tenga pembeni hela ya dharura ya nauli ya kwenda kituoni na kurudi. Hela hiyo isiguswe kwa ajili ya soda wala zawadi.
- Ukifika, uliza mapema: zahanati ya karibu ni ipi, na usiku nani ana bodaboda? Andika namba yake.
- Zungumza na baba wa mtoto kabla ya safari. Mkubaliane kwamba mtoto akichemka mtakwenda kupima kwanza, kikao cha ukoo kitafuata baadaye.

Jambo hili la mwisho usilidharau. Ukiwa ukweni ni vigumu kupingana na wakubwa, hasa wakisema dawa ya kienyeji inatosha. Huna haja ya kubishana. Sema kwa heshima, “Mama, naomba tumpime kwanza, majibu ndiyo yatatuongoza.” Kama baba naye anasema hivyohivyo, njia inafunguka.

Akichemka njiani au kwa wenyeji

Mpunguzie nguo. Wengi humfunika mtoto mwenye homa kwa blanketi, na hilo linamzidishia joto. Mpe titi au maji mara kwa mara. Panadol mpe kwa kipimo ulichoelekezwa kulingana na uzito wake. Kumbuka panadol inashusha joto tu, haiui vimelea. Homa ikishuka baada ya panadol, bado anatakiwa kupimwa.

Ikiwa mko ndani ya basi au mchomoko na mtoto amelegea, shukeni kwenye mji wa karibu wenye huduma. Najua nauli imeshalipwa. Nauli inaweza kutafutwa tena.

Kituoni atatobolewa kidole, na kipimo cha haraka cha malaria kinatoa majibu ndani ya dakika kama 20. Kwa utaratibu wa Serikali, mtoto wa chini ya miaka mitano hatibiwi kwa malipo kwenye vituo vya umma, hata kama kijiji hicho si chenu. Kama majibu yanaonyesha hana malaria, usilazimishe dawa ya malaria. Muulize mhudumu homa inatoka wapi, kwa sababu nimonia, masikio na njia ya mkojo pia vinaleta homa. Ikiendelea siku mbili tatu, mrudishe.

Mtoto aliye chini ya miezi miwili akipata homa, au akiwa wa baridi kuliko kawaida, mpeleke mara moja bila kujaribu kitu chochote nyumbani.

Dawa imalizike

Akikutwa na malaria ya kawaida, mara nyingi atapewa dawa ya mseto: dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mpe pamoja na chakula, maziwa au baada ya kunyonya, kwa kuwa mafuta ya chakula husaidia dawa kuingia mwilini. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha urudi kituoni ukapewe ya kuziba pengo.

Mtoto huchangamka siku ya pili, na hapo ndipo vidonge vinapoachwa. Mmalizie vyote. Usimpe vidonge vilivyobaki vya binamu yake, na vyake usimgawie mwingine. Kama siku ya kurudi imefika katikati ya dozi, weka kengele kwenye simu umpe hata mkiwa njiani.

Usingoje asubuhi ukiona haya

- Hawezi kunyonya wala kunywa
- Anatapika kila kitu
- Amepata degedege
- Amelegea sana, au haamki vizuri
- Anapumua haraka au kwa shida
- Viganja vyake vimekuwa vyeupe, au mkojo umekuwa mweusi kama kahawa

Degedege pamoja na homa ni ugonjwa wa hospitali. Mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, muondoke. Kama hospitali ni mbali, pitieni zahanati iliyo karibu, aanzishiwe dawa ya kwanza kabla ya kuendelea na rufaa. Malaria kali inaweza kumwondoa mtoto mdogo ndani ya siku moja.

Kwa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, au mtoto mchanga wa hadi siku 28, piga 115 bure. Huo ni mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura, na Shinyanga ni miongoni mwa sehemu ulikoanzia. Mtoto mkubwa zaidi hayumo kwenye mfumo huo, ndiyo maana ile namba ya bodaboda ni lazima uwe nayo tangu siku mliyofika.

Mkisharudi nyumbani salama, funga neti palepale ilipokuwa, na uandike kwenye kalenda tarehe mliyorudi. Kwa wiki mbili zinazofuata na hata baada ya hapo, homa yoyote ya mtoto ipelekwe kupimwa siku hiyohiyo.