Unachokula wewe, samaki alikila kwanza

Ukienda sokoni kununua ngege, bila shaka hutazama macho na matamvua ili ujue kama samaki angali mbichi. Wengi wetu huishia hapo. Lakini tangu mwaka wa 2009, serikali ilipoanza kugharimia uchimbaji wa vidimbwi katika sehemu nyingi nchini, huenda ngege unayemnunua alifugwa. Ikiwa ni hivyo, yafaa pia ujue alilishwa mafuta kiasi gani.

Samaki huhitaji mafuta kama wewe. Gramu moja ya mafuta humpa mlaji kalori 9, ilhali gramu moja ya protini hutoa 4 tu. Chakula kikiwa na mafuta ya kutosha, samaki huyatumia kupata nguvu, na protini hubaki kwa kazi yake ya kujenga nyama. Mafuta yakipungua mno, protini huchomwa kama kuni. Hiyo ni hasara kwa mfugaji, kwani protini ndiyo ghali zaidi katika chakula cha samaki.

Je, mafuta yakizidi? Samaki hutosheka upesi, akapunguza kula, na hivyo akakosa protini ya kumkuza. Ziada huwekwa akiba mwilini. Kwa ngege, sehemu kubwa hukaa tumboni, ikizunguka utumbo, na nyingine katika ini. Ndiyo sababu kiasi cha asilimia 5 hadi 12 ya mafuta katika chakula chake humtosha. Salmoni wa kufugwa nchini Norway hupewa zaidi ya asilimia 30, lakini huyo ni samaki wa maji baridi ambaye huhifadhi mafuta mengi hata ndani ya nyama.

Wewe mnunuzi unahusikaje? Kwanza, ukipimiwa samaki ambaye hajapasuliwa, mafuta ya tumboni huyalipia kisha huyatupa. Pili, mafuta yaliyomo katika nyama hufanana na yale aliyokula. Aliyelishwa mafuta ya soya au mahindi huwa na omega-6 nyingi. Aliyelishwa unga wa omena au mafuta ya samaki huwa na omega-3 zaidi, ambayo ni nzuri kwa moyo.

Hii si sababu ya kumkimbia ngege wa kidimbwini. Gramu 100 za nyama yake mbichi zina takriban gramu 20 za protini, na mafuta machache.

Basi fanya hivi: mwombe muuzaji ampasue samaki mbele yako. Ukiona mabonge meupe ya mafuta yamezunguka utumbo, yaondoe yote. Nyumbani, mchemshe au mchome badala ya kumtosa katika karai la mafuta, maana huko ndiko mafuta mengi huongezewa. Na mara kwa mara pika omena. Bei yake ni nafuu, na omega-3 imo.